Utumishi wa Majeruhi

Siku ya kwanza bi mkubwa alipoteremka bwawani alikuwa amefumba macho, anasoma dua kwa sauti, na mkwewe amekaa kwenye kiti cha plastiki akiwa ameugeukia ukuta. Mimi nilikuwa ndani ya maji, nimemshika mikono yote miwili, narudi kinyumenyume.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Ni msaidizi wa fizio, mtaalamu wa viungo, katika kliniki moja nyuma ya Edgware Road, mahali ambapo ukitoka nje unapokewa na harufu ya nyama ya kuchoma na moshi wa shisha hata kabla ya adhuhuri. Tuna bwawa dogo la maji ya moto. Si la kuogelea. Maji yanaishia kifuani. Waliovunjika au kupasuliwa huletwa humo wajifunze kutembea upya, kwa sababu maji huubeba mwili, na mguu unaoogopa kukanyaga husahau woga wake kidogo. Fizio mwenyewe, mwanamke kama mimi, husimama ukingoni akaeleza zoezi, kisha huenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi ndiye ninayelowa.

Bi mkubwa alikuwa amevunjika nyonga. Aliteleza jikoni kwa binti yake, Kilburn, wakati wa baridi, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Nilijua ni mtu wa kwetu pale mapokezi, nilipomsikia akimwambia yule msichana "ahsante" halafu akajirudi na kusema kwa Kiingereza. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama. "Marahaba, mwanangu. Wa wapi weye?"

"Pemba, mama. Chake Chake."

"Mpemba!" Akamgeukia mkwewe kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa amenificha. "Mimi wa Unguja. Haya, basi leo sifi humu."

Mkwe wake alikuwa Mmarekani, mrefu, mabega mapana, umri wa arubaini na kitu. Alisilimu alipomwoa binti wa bi mkubwa, na ndiye aliyekuwa akimleta mama mkwe kliniki, kwa sababu binti ni mhasibu na ofisini kwao asubuhi hapatoki mtu. Kwa sheria ya dini hakuwa na haja ya kugeuka, mkwe ni maharimu. Lakini bi mkubwa alisema hata kama, nguo ya maji inamganda mtu mwilini, na yeye si mtoto mchanga wa kutazamwa akioshwa. Basi yule bwana akageuza kiti, na kila wiki akawa anageuza kiti bila kuambiwa. Shati lake la mikono mifupi liliacha wazi kovu refu lililopita upande wa ndani wa kiwiko cha kulia. Kwa kazi yangu mimi huona makovu kabla ya nyuso. Kovu la namna ile nilikuwa sijapata kuliona.

Wiki ya tatu au ya nne bi mkubwa alikuja amenuna. Tulipofika katikati ya bwawa akaniambia kwa sauti ya chini, ingawa mkwewe Kiswahili hakikuwa chake.

"Nisaidie jambo. Nataka umuulize huyu swali. Kiingereza changu mimi cha dukani, hakitoshi. Na mwanangu nikimwuliza ananicheka."

"Swali gani, mama?"

"Alicheza au hakucheza?"

Sikuelewa, akanieleza huku tukienda na kurudi. Kaka yake anaishi Maskati, na kila mwaka joto la Omani likimshinda huja London, akapanga hapa Edgware Road na kukaa mpaka lipungue. Jumapili iliyopita walikula pamoja Kilburn. Katikati ya chakula kaka akamwuliza mkwe, ati zamani ulikuwa mchezaji, ulicheza miaka mingapi? Mkwe akasema mitatu. Binti wa bi mkubwa akacheka, akasema labda miaka mitatu ya kulala kwenye sofa. Kaka akacheka mpaka akafuta machozi, na baada ya chakula akapiga simu Maskati kuwasimulia.

Bi mkubwa hakucheka. Posa ilipokuja, miaka ile, watu wa ukoo walimwuliza huyu mwanamume ni nani, kwao wapi, watu wake nani. Hakuwa na la kuwajibu ila moja: kwamba alikuwa mchezaji wa kulipwa, ligi kuu ya Marekani, miaka mitatu. Hilo ndilo alilolisimamia.

"Kama nilidanganywa," alisema, "nijue. Sitamfukuza mtu, nimeshazeeka, na mtoto wameshazaa. Lakini nijue."

Nikaugeukia mgongo wa yule bwana, nikamtafsiria, nikijaribu kulainisha hapa na pale. Kwanza alicheka. Kisha mabega yakatulia.

"Mwambie swali lake zuri," akauambia ukuta. "Hata mimi silijui jibu lake vizuri."

Akaanza kueleza, polepole, akisimama kila baada ya maneno machache ili nipate kutafsiri. Mchezo wenyewe ni besiboli. Kazi yake yeye ilikuwa kurusha mpira, na mtu wa timu nyingine anasimama mbele na gongo kuupiga. Kwa wale wanaolipwa, haki zote za mchezaji zinategemea amekaa muda gani katika timu za ligi kuu. Siku zinajumlishwa, zikitosha zinaitwa mwaka. Akitimiza kama miaka mitatu anaweza kudai mshahara wake uamuliwe na msuluhishi. Akitimiza sita, yuko huru kwenda timu aitakayo. Na pensheni yake ya uzeeni inatokana na muda huohuo.

"Huo muda una jina?" aliuliza bi mkubwa.

Lilikuwepo jina la Kiingereza, nami nikasita kidogo. "Muda wa utumishi," nikasema.

Bi mkubwa akasimama pale pale, maji yakamgonga kifuani. "Utumishi? Kama wa serikalini?"

"Kama huo, mama."

Kuanzia hapo akasikiliza kwa masikio mengine. Marehemu mumewe alikuwa karani bandarini Unguja, na neno lile lilikuwa neno la nyumbani kwao, la mezani, la kila siku.

Yule bwana akaendelea. Mchezaji akiumia, jina lake linatolewa kwenye orodha ya wanaocheza, linatiwa kwenye orodha ya majeruhi, na mwingine anaitwa kushika nafasi yake uwanjani. Lakini siku zake haziachi kuhesabiwa. Aliyelala hospitali na aliyesimama uwanjani, siku ya huyu ni siku na ya yule ni siku. Wala timu hairuhusiwi kumteremsha ligi ya chini madhali ameumia akiwa huku juu.

Yeye msimu wake wa kwanza alirusha miezi michache tu, kano ya kiwiko ikakatika. Madaktari wakachukua kano kutoka mkono mwingine wakaishonea hapo. Msimu wa pili wote aliuguza. Wa tatu alirudi, akarusha mara chache, bega likakataa, na hapo ndipo mpira ulipomalizika.

"Kwa karatasi za ligi nina miaka mitatu," alisema. "Kwa mpira nilioshika mkononi, sijui, labda mmoja. Mtu akiniuliza nilicheza miaka mingapi huwa nasema mitatu, halafu siku nzima najisikia mwongo."

"Muulize," bi mkubwa akasema, "walikuwa wakimlipa amelala?"

Hilo sikulilainisha.

Yule bwana akasema hakuwa amelala. Kila asubuhi alifika kabla ya wote, akaingia chumba kisicho na dirisha, akanyoosha mkono mpaka machozi yakamtoka, akavuta mikanda ya mpira wa kunyumbuka, akatia mkono kwenye ndoo ya barafu. Wenzake walipoanza kuingia wakipigiana kelele, yeye alikuwa ameshamaliza. Mechi zenyewe hakupenda kuzitazama. Mwaka ule wa pili timu ilishinda mechi moja kubwa, wote wakakimbilia katikati ya uwanja kukumbatiana, na yeye akaitwa aingie kwenye picha. Akajitazama akaona jezi za wenzake zina vumbi magotini na yake ni safi, imepigwa pasi.

"Niliinama kama nafunga kamba ya kiatu," alisema, "nikachota vumbi nikajipaka. Ipo kwenye picha. Mke wangu hajui."

Nilipomaliza kutafsiri, bi mkubwa alitazama ule mgongo kwa muda.

"Mchezo wa ajabu," akasema mwisho. "Haya, mwanangu, tutembee. Maji yanapoa."

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikimsaidia kuvaa soksi, aliniambia mumewe alitumikia bandari tangu kijana, na walipoondoka Unguja hakuna aliyemhesabia hata siku moja. Alifika huku akawa anafagia stesheni. "Lakini mpaka anakufa," alisema, "ukimwuliza kazi yake, anakwambia karani." Akanyoosha mguu wa pili, nikamvisha.

Baada ya hapo akaacha kuja.

Wiki ya kwanza walipiga simu kwamba ana mafua. Wiki ya pili mkwe alikuja peke yake, saa ileile ya miadi, akakaa kwenye benchi la nje kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Nilikuwa na nafasi, nikakaa naye.

Alisema mama hana mafua. Kabla ya kuanguka, ndiye aliyekuwa akimpeleka mjukuu shule na kumrudisha, ndiye aliyepika, na ndiye aliyejua sukari imebaki kiasi gani. Sasa binti yake akirudi kazini anasimama jikoni na koti bado liko mwilini, anapika, na mama akijaribu kuinuka anaambiwa kaa tu mama, pumzika. Juma lile alipoacha kuja, yeye na mkewe walizungumza mezani kuhusu kumtafuta mtu wa kumpeleka mtoto shule. Mama alisikia. Akasema sawa, wazo zuri, akaingia chumbani. Tangu hapo anasema hayo maji hayana faida, mtu wa umri wake akivunjika ndiyo basi, na wao wasipoteze asubuhi zao kumbeba mzigo.

"Lile neno analoambiwa na mwanawe," alisema. "Pumzika. Nalijua. Na mimi niliambiwa hivyohivyo na kila mtu, kwa lugha yetu. Walikuwa wema. Lakini hapakuwa na mtu aliyeniuliza kitu."

Nikamwuliza ilikuwaje akavumilia mwaka mzima.

Akasema kulikuwa na kocha msaidizi, mzee mmoja mkali, ambaye siku moja alimwambia njoo ukae karibu na mimi, nitazamie miguu ya wapigaji wa timu nyingine, uniambie unaona nini. Akawa anakaa na kutazama miguu. Mara nyingine aliona jambo, akasema, na mrushaji akabadilisha namna ya kurusha mpira kwa ajili ya neno lake. "Karatasi zilikuwa zinanihesabia siku zote," alisema. "Lakini mimi mwenyewe nilianza kujihesabu pale."

Alitaka nimfundishe sentensi moja ya Kiswahili ya kumwambia mama mkwe. Kitu kama, bado uko kwenye timu. Niliifikiria ile sentensi kwa Kiswahili, nikamwona bi mkubwa anavyoipokea, nikamwambia hapana. Usimwambie kitu. Mwombe kitu. Yeye anajua nini ambacho wewe hukijui?

"Kila kitu," alisema.

"Kupika unajua?"

"Mayai."

Basi nikamfundisha: Mama, nifundishe kupika pilau. Aliirudia mara nyingi, na alipokuwa anatoka mlangoni bado alikuwa anasema "nifundeshe". Nikaona nisimsahihishe tena.

Wiki iliyofuata bi mkubwa hakuja, ila mkwe alipita, akiwa njiani kwenda kazini, na maneno yamemjaa mdomoni.

"Punguza moto nimeelewa," alisema. "Bizari nyembamba nimeelewa, nimenunua. Lakini 'mbona unaichezea' ni nini?"

Nikacheka. "Ulikuwa unafanya nini aliposema hivyo?"

"Nilikuwa nakoroga nyama."

"Anakuuliza kwa nini unaichezea. Iache."

"Aa." Akafikiri. "Ameniambia hivyo mara nyingi sana."

Pilau la kwanza, alikiri, vitunguu viliungua na mchele ukawa uji. Bi mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko, bakora mkononi, akielekeza sufuria hii na kabati lile kama askari wa barabarani. Mjukuu wake, msichana wa darasa la tatu, ndiye aliyekuwa mkalimani. Yule mtoto anakielewa Kiswahili chote cha bibi yake lakini tangu azaliwe humjibu kwa Kiingereza. Sasa bibi anasema, mtoto anageuza, baba anafanya, na mara nyingine baba anafanya kabla tafsiri haijafika na mambo yanaharibika. Siku ya pilau la pili, baba alipotaka kufunua sufuria mapema, mtoto alipiga kelele, "Usifunue!" Kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya bibi yake. Baba aliacha mkono hewani. Bibi akasema, "Umemsikia mwenyewe."

Juma la baadaye bi mkubwa alirudi. Alimkabidhi fizio bakora yake, akajishika mwenyewe kwenye vyuma vya ngazi, akateremka.

"Karibu tena, mama. Nilidhani umetutupa."

"Nikikaa kwenye kiti sioni ndani ya sufuria," alisema. "Huyu mtu anakaanga kwa kukisia. Mwambie daktari wenu nataka kusimama nusu saa. Kutembea baadaye."

Nikampelekea fizio ombi hilo, naye akabadilisha mazoezi yote. Tukawa tunasimama. Anasimama mguu mmoja majini, nimemshika kiuno, tunazungumza ili asifikirie mguu.

Siku mojawapo kati ya hizo ndipo alipolirudia lile jambo la mpira. Inaonekana alikuwa akilifikiria nyumbani.

"Muulize," alisema, akitikisa kidevu kuelekea ukutani. "Na yule aliyeumia akiwa bado huko ligi ya chini? Naye anahesabiwa?"

Mkwe aliposikia alishusha pumzi. Hapana, alisema. Aliyeumia huko chini, kwa ligi kuu hana siku hata moja. Yeye mwenyewe kabla ya kupandishwa aliwahi kuumia mgongo huko, akapoteza karibu mwaka, na mwaka huo haumo popote. Tena alikuwa na rafiki waliyekuwa wakilala chumba kimoja. Asubuhi moja yule rafiki aliambiwa ajiandae, wiki hiyo ataitwa timu kubwa. Alasiri akikimbia akakanyaga vibaya, goti likateguka. Hakuitwa tena. Siku hizi anauza magari.

"Goti lake liliumia kama kiwiko changu kilivyoumia," alisema. "Alifanya mazoezi yaleyale, kwa barafu ileile. Ila mimi nina pensheni na yeye hana kitu, kwa sababu ya siku chache."

Bi mkubwa alibadilisha mguu. "Kwa hivyo hawahesabu kuumia," alisema taratibu. "Wanahesabu ulikuwa wapi ulipoumia."

Hilo nilisahau kulitafsiri.

Kabla ya kliniki hii nilikuwa nahudumia wazee majumbani, Edmonton, kupitia ajensi ya vibarua. Unaamka, simu inakwambia nyumba za leo, unakwenda, unamwosha huyu, unamlisha yule, unakimbilia basi. Asubuhi moja mzee mmoja alianza kuteleza kitandani, nikamdaka, na kitu mgongoni kikakatika kama uzi. Nilimrudisha kitandani. Nikamaliza nyumba zangu za siku ile. Kesho yake sikuweza kuinuka.

Ajensi walipiga simu siku za mwanzo kuuliza narudi lini. Kisha wakaacha. Hakuna aliyenifukuza, simu haikulia tu. Nilikuwa na chumba cha kupanga karibu na reli, na kiangazi kile karibu chote niliishi sakafuni, kwa sababu godoro lilikuwa laini mno. Mwenzangu mmoja, aliyeajiriwa moja kwa moja na nyumba ya wazee, aliumia bega majira yaleyale. Yeye walimtunzia nafasi, wakampelekea maua, akarudi kazini akakuta jina lake bado liko kwenye kabati lake. Sikumwonea wivu, au niseme nilimwonea lakini ndiye aliyekuwa akiniletea supu. Nilipokuja kuomba kazi hapa kliniki, waliniuliza kuhusu ile miezi ambayo haina kitu. Nikajibu kwamba sikuwa nafanya kazi. Wakaridhika, nami nikaridhika, na sikuirudia tena akilini.

Sasa nimesimama majini na kiuno cha bi mkubwa mkononi, najiuliza nilikuwa nafanya nini basi, kama si kazi. Kila asubuhi nilikunja taulo nikaiweka chini ya mgongo, nikainua goti moja, nikashusha. Nililia, nikarudia. Mazoezi ya mgongo ninayowafundisha watu leo mengi nilianza kuyajua pale sakafuni, mwilini mwangu, kabla ya kufundishwa na fizio yeyote.

"Nini, mwanangu?" bi mkubwa aliuliza.

Nikamsimulia. Sikumtafsiria mkwe, nilisema na yeye tu, na sauti yangu ikawa ya Chake kabisa kama ninavyozungumza na mama yangu kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa bado kwenye mguu mmoja.

"Mwambie," alisema.

"Nani?"

"Huyo. Mwambie na wewe uliumia ligi ya chini."

Nikamwambia. Sikutegemea alichofanya: alisahau kabisa, akageuka na kiti chake kunitazama usoni. Bi mkubwa akapiga ukelele, "Geuka weye!" na ile haikuhitaji mkalimani. Akarudi ukutani haraka mpaka kiti nusura kimwangushe. Tukacheka wote watatu, na fizio akachungulia kuona kuna nini.

Kicheko kilipoisha aliuliza, bado ameukabili ukuta, "Muda gani?"

"Kiangazi kimoja na kidogo."

"Pole," alisema kwa Kiswahili.

Mwisho wa majira ya joto kaka wa bi mkubwa alipokuwa anajiandaa kurudi Maskati, walifanya chakula Kilburn cha kumuaga, na mimi nikaalikwa. Flati yao iko juu ya duka la simu, ngazi nyembamba, harufu ya pilau ilinipokea tangu mlango wa chini. Nilimkuta bi mkubwa jikoni amesimama, bakora imetundikwa kwenye mpini wa oveni, na mkwewe kando yake anapakua. Mambo yote ya moto aliyafanya mkwe. Bi mkubwa aliyafanya ya ulimi.

Tulikula. Kaka ni mtu mcheshi, mnene, wa kanzu safi na manukato. Alisifu nyama, akasifu mchele, kisha akafuta vidole na kusema kwa Kiswahili, akinikonyeza mimi mgeni, "Kumbe majeruhi wetu anajua kupika. Alipata wakati wa kujifunza, ile miaka mitatu ya sofa."

Binti wa bi mkubwa alikuwa ameanza kutabasamu. Mama yake akaweka bakuli la kachumbari mezani.

"Alicheza miaka mitatu," alisema. "Wenye mchezo wao wamemhesabia. Weye wa Maskati ndio umpunguzie?"

"Dada, natania."

"Tania la kutaniwa. Mumeo wangu mimi alitumikia bandari, nani alimhesabia? Huyu wenziwe wamemhesabia hata alipokuwa mgonjwa, tena ndivyo inavyotakiwa. Mnamcheka nini?"

Alikuwa amekasirika hata maneno yakampotea, na "mumeo wangu" ile ingewachekesha watu siku nyingine. Pale hapakuwa na aliyecheka. Mkwe alikuwa ameelewa mengi kuliko tulivyodhani. Aliweka kijiko chini, akamgeukia mjomba wa mkewe, na kusema kwa Kiswahili chake cha jikoni:

"Mjomba, nilicheza kidogo. Niliumwa sana. Yote pamoja, miaka mitatu."

Kaka alimtazama, kisha akaitazama sahani yake, na uso ule wa mzaha ukamwondoka. "Sawa, baba," alisema. "Sawa kabisa. Basi nipe na ukoko kidogo, kama upo."

Ukoko ulikuwepo, tena mwingi, kwa sababu chini pilau lilikuwa limeshika. Mkwe akaenda kuukwangua. Mkewe alimfuata jikoni. Sikusikia walichosema, ila waliporudi alikuwa amemshika mkono wa kulia, pale juu ya kovu, akakaa karibu naye mpaka chai ilipoletwa.

Siwezi kusema kila kitu kilikaa sawa. Bi mkubwa alimaliza matibabu akiwa anasimama zaidi ya nusu saa, lakini barabara ndefu bado zinamshinda. Mtu wa kumpeleka mtoto shule walimtafuta hatimaye, msichana wa Kikongo anayeishi mtaa wa pili, na siku ya kwanza bi mkubwa alimhoji kwa Kiswahili mlangoni kabla ya kumkabidhi mjukuu. Siku za hali nzuri huwasindikiza mpaka kwenye taa za barabarani, akarudi. Mkwewe anapika Jumapili. Anasema bado anaambiwa mbona unaichezea.

Mimi niko palepale bwawani. Tangu aache kuja, Ijumaa bi mkubwa hunipigia simu baada ya sala, na sijui nani alimfundisha kwamba hiyo ndiyo saa yangu ya mapumziko. Hanisimulii ya kwake mpaka aulize kwanza.

"Mgongo vipi?"

"Mzima, mama. Alhamdulillahi."

"Sema kweli."

Nami namwambia kweli: kwamba juma hili baridi imeuamsha kidogo, kwamba jana nilimwinua mtu vibaya, kwamba usiku nilitandika chini nikalala na taulo. Ananiambia nisimame wima, nisiinamie wagonjwa kama mti wa mgomba. Halafu ndipo ananiuliza nimekula nini.